Nje ya darasa kwa njia tano: ipi iwafae wanafunzi wako wa sekondari?

Shule inayotaka kuwatoa wanafunzi wa sekondari nje, ili wapumue na wayapende tena masomo, ina njia tano za kuchagua: kukihamishia uwanjani kipindi cha kawaida, kutenga nusu siku kila wiki au kila baada ya wiki mbili kwenye eneo la jirani, kuanzisha bustani, kwenda ziara ya siku moja, au kupiga kambi ya siku kadhaa. Kwa kuwa zote huitwa kwa jina moja, kujifunza nje, mara nyingi huchaguliwa kwa kuangalia ipi inapendeza zaidi kwenye picha. Hapo ndipo kosa huanzia. Ziara moja inaweza kumeza fedha za muhula mzima wakati tatizo la wanafunzi lilikuwa linataka dakika 40 kila wiki chini ya mti ulio nyuma ya maabara.

Tuuweke wazi msimamo wetu tangu mwanzo: kwa wanafunzi wengi, kinacholeta utulivu na ari ni marudio kuliko ukubwa wa tukio. Hata hivyo wapo ambao kipindi cha kila wiki hakitawafikia, na kwao bustani au kambi ndiyo jibu. Ndiyo maana tunaanza na tatizo, kisha njia.

## Tatizo ni lipi hasa?

Wapo waliochoka akili. Wanakaa vipindi saba au vinane mfululizo, macho yako ubaoni lakini hakuna kinachoingia, hasira ziko karibu, na wanakosea mambo wanayoyajua vizuri. Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan walilieleza hili mwaka 1989: umakini wa kujilazimisha huchoka, na hupumzika pale jicho linapovutwa na kitu kisichodai juhudi, kama majani yanayotikiswa na upepo, mawingu, au maji yanayotiririka. Mwaka 2016 Dongying Li na William Sullivan walichapisha jaribio walilolifanya Marekani kwa wanafunzi wa sekondari, waliogawiwa kwa bahati nasibu vyumba vya aina tatu: kisicho na dirisha, chenye dirisha linalotazama majengo, na chenye dirisha linalotazama miti. Baada ya mapumziko mafupi, waliotazama miti ndio ambao umakini wao ulirejea vizuri zaidi na msongo wao ukashuka zaidi. Wanafunzi wa namna hii hawahitaji kusisimuliwa. Wanahitaji kijani, mara kwa mara, na kazi isiyowakimbiza.

Wapo pia waliokata tamaa na masomo. Hawa hawakuchoka, wameamua tu kwamba hesabu au fizikia si yao. Edward Deci na Richard Ryan, katika nadharia yao ya kujiamulia, wanataja mahitaji matatu yanayomfanya mtu aendelee na kazi kwa hiari yake: awe na sauti katika anachofanya, ajione anaweza, na awe na watu wanaomjali. Kutoka nje hakuleti hata kimoja kati ya hivyo kwa nguvu ya hewa safi peke yake. Mwalimu akisimama chini ya mti akawaamuru wanafunzi wanakili aya mbili, amehamisha darasa, na jua amewaongezea.

Na wapo walio peke yao: mgeni aliyehamia katikati ya mwaka, anayetaniwa, anayekula akiwa amejitenga. Shida ya huyu iko kwenye mahusiano, na mahusiano hujengeka pale watu wanapohitajiana kwa kazi halisi kwa muda wa kutosha.

Darasa moja lina wote watatu. Uliza tu ni kundi lipi lililo kubwa, na lipi lililo hatarini zaidi.

## Kipindi cha kawaida, nje, kila wiki

Njia hii inadharauliwa kwa sababu haina fahari, ilhali ndiyo tungeianza katika shule nyingi. Haihitaji gari wala idhini mpya ya safari, na haimnyang'anyi mwalimu mwingine kipindi chake. Kwa darasa la mtihani ndiyo pekee isiyogombana na silabasi.

Maelezo yote ya kazi yatolewe ndani, wanafunzi wakiwa wamekaa. Ukisubiri mpaka mfike nje, utapiga kelele kwa dakika kumi na nusu yao hawatakusikia. Mgawanyo wa dakika 40 unaoshikika ni huu: 5 za maelezo na kugawa vifaa, 3 za kutoka, 20 za kazi, 8 za mjadala palepale kazi ilipofanyikia, 4 za kurudi. Mjadala usiahirishwe hadi kipindi kijacho, kwani kinachoonekana kwa macho ndicho kinachobishaniwa vizuri.

Mkiwa nje, mwalimu ndiye aelekee jua na wanafunzi walipe mgongo; anayepigwa na jua machoni hasomi uso wa mwalimu wala kadi ya kazi. Upepo utoke nyuma ya mwalimu kwenda kwa wanafunzi ili ubebe sauti. Wasimame nusu duara, safu mbili tu. Makundi yawe ya watu wanne, kila kundi na kadi yake. Watano huzaa mtazamaji mmoja.

Mfano wa karibu ni kupima urefu wa mti, kazi ya trigonometria ambayo kila shule yenye mti au mlingoti inaiweza. Kifaa ni kipimapembe cha nusu duara, mrija ulionaswa kwa gundi ya karatasi kwenye ukingo wake ulionyooka, uzi wenye nati ukining'inia kutoka kitovuni, na utepe wa mita 20. Mwanafunzi anasimama mita 15 kutoka kwenye shina, anachungulia kilele kupitia mrija, na mwenzake anasoma uzi ulipokatiza. Tuseme uzi umesimama kwenye 52. Mrija ukiwa mlalo uzi husoma 90, kwa hiyo pembe ya kuinua macho ni 90 kutoa 52, yaani nyuzi 38. Mara 15 kwa tanjenti ya 38 unapata mita 11.7, jumlisha kimo cha macho, mita 1.6, mti una mita 13.3.

Kosa linalorudiwa na karibu kila darasa ni kuichukua 52 yenyewe kuwa ndiyo pembe. Anayefanya hivyo anapata mita 20.8. Na hapa ndipo nje inapoizidi karatasi: mti uko mbele yake. Anaulinganisha na jengo la ghorofa mbili lililo pembeni, anaona haiwezekani, anarudi kutafuta kosa bila kuambiwa na mtu. Kundi lililopima nyuzi 43 badala ya 38 kwa sababu mkono ulitikisika litapata mita 15.6, na makundi mawili yataanza kubishana nani ameshika kifaa vibaya. Ubishi huo usiuzime. Mwanafunzi aliyekuwa haongei kwenye hesabu sasa anatetea namba yake, na hicho ndicho Deci na Ryan wanachokiita kujiona unaweza.

Sauti katika kazi haimaanishi kila mtu afanye apendalo. Weka machaguo matatu yanayofundisha kitu kilekile: mti, mlingoti au paa; au kwa njia, kupima kwa pembe, kwa kivuli, au kwa kurudi nyuma mpaka usome nyuzi 45 kisha ujumlishe umbali na kimo cha macho. Chaguo moja ni amri, na machaguo kumi ni vurugu.

Kuna faida inayoendelea hata baada ya kurudi ndani. Ming Kuo na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti wa wiki kumi nchini Marekani kwa watoto wa miaka 9 na 10: katika somo lililofuata baada ya kipindi cha nje, mwalimu alilazimika kukatiza somo ili awarudishe wanafunzi kwenye kazi karibu nusu tu ya mara alizolazimika baada ya kipindi cha ndani. Hao ni wa msingi, basi usihamishie namba hiyo sekondari kama ilivyo. Lakini inatosha kukufanya ukipange kipindi cha nje kabla ya somo gumu badala ya kukiweka saa ya mwisho ya Ijumaa.

Huharibikaje? Vipindi viwili vya kwanza vitakuwa na kelele, kwa kuwa wanafunzi wamezoea kwamba nje ni mapumziko. Walimu wengi huacha hapo. Vumilia hadi cha nne ndipo uhukumu. Sababu ya pili ni mwalimu mmoja kubeba mzigo peke yake. Akiugua, jambo limekufa. Wawe angalau wawili wa masomo tofauti, na kadi za kazi zihifadhiwe mahali pamoja.

## Nusu siku kwenye eneo la jirani

Nchi za Skandinavia, hasa Denmark, zina desturi ya siku ya kawaida ya masomo nje, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, mahali palepale. Nchini Ujerumani, Ulrich Dettweiler na wenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti mdogo wa wanafunzi wa darasa la 5 na la 6 waliosomea msituni siku moja kwa wiki: kwao homoni ya msongo, kortisoli, ilishuka kadiri siku ilivyoendelea, na kwa waliobaki darasani haikushuka hivyo. Idadi ya wanafunzi ilikuwa ndogo, lakini mwelekeo unalingana na wanachoeleza walimu wa njia hii.

Inashinda kipindi cha dakika 40 kwa jambo moja: muda. Chukua uchunguzi wa mimea kwa kamba ya mita 20 kutoka shinani hadi penye jua, fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 ikilazwa kila mita 2. Hizo ni fremu 11, na kila moja hula dakika 4 kwa kundi lisilozoea. Jumla dakika 44, kabla ya mjadala. Kwa kipindi kimoja inabidi kila kundi lipewe fremu mbili tu na lisione mstari mzima. Kwa nusu siku kundi linatembea kutoka kivulini hadi juani na kuona lenyewe mimea inavyobadilika.

Mahali pawe ndani ya dakika 15 kwa miguu, na pawe palepale kila mara. Upya wa eneo unasisimua, na msisimko ndio usiohitajika hapa. Kila mwanafunzi achague pa kukaa kimya dakika 10 mwanzoni mwa kila safari, mita 5 au zaidi kutoka kwa mwenzake, wote wakionekana na mwalimu. Mara ya kwanza watacheka. Anza na dakika 3, ongeza polepole. Akitaka kuandika aandike, akitaka kuchora achore, na asilazimishwe kusoma mbele ya wenzake alichokiandika. Kijana wa miaka 15 akilazimishwa mara moja, ataandika uongo muhula mzima.

Anayetembelea eneo kabla ya darasa aende saa ileile ya siku itakayotumika, maana kivuli cha saa tatu asubuhi si cha saa nane mchana. Aangalie matawi makavu juu, mizinga ya nyuki, kingo za maji, mtandao wa simu, na choo. Choo kisizidi mwendo wa dakika 5. Taulo za kike ziwe kwenye mfuko wa huduma ya kwanza, na msichana aruhusiwe kuchukua bila kuomba wala kueleza. Wapo wasichana wanaokosa siku hizi za nje kwa sababu hiyo tu, kisha wanaandikwa kuwa hawana ari.

Adui mkubwa wa njia hii ni ratiba. Nusu siku humeza vipindi vitatu au vinne, na ikiwa kila mara ni Jumatano, mwalimu yuleyule ndiye anayepoteza. Mpe nafasi naye afundishe huko, au siku izunguke. Barua ya ridhaa ya wazazi iwe moja kwa muhula mzima, yenye tarehe zote. Barua kila wiki humaanisha kila wiki kuna watano waliosahau.

## Bustani

Wapo wanafunzi ambao ukiwakalisha uso kwa uso na mshauri hawatasema neno, lakini ukiwapa kila mmoja jembe dogo wakafanya kazi bega kwa bega, watazungumza. Kwa aliyejitenga na kwa asiyepata kitu cha kujivunia darasani, bustani inafanya kazi ambayo kipindi cha nje hakiwezi: inamngoja. Asipokuja, mche unakauka, na watu wanamuuliza alikuwa wapi.

Tuta la wanafunzi wanne au watano liwe na upana wa mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo, na urefu wa mita 3. Njia kati ya matuta iwe sentimita 50. Anapopita mwenye kiti cha magurudumu iwe mita 1.2, ardhi iwe ngumu na sawa. Penye joto na bila mvua, kadiria lita 25 za maji kwa mita moja ya mraba kwa wiki. Tuta hilo lina mita za mraba 3.6, kwa hiyo ni lita 90, yaani ndoo tisa za lita 10. Zidisha kwa matuta sita uone kama bomba la shule linaweza kabla hujachimba. Matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa sentimita 5 hadi 8 hupunguza kiasi hicho.

Zao la kwanza liwe la haraka. Figili huvunwa baada ya wiki nne hivi, saladi wiki sita hadi nane. Ukianza na kinachokomaa baada ya miezi minne, utakuwa umewafundisha waliokata tamaa kwamba juhudi haileti kitu.

Bustani nyingi za shule huuawa na likizo. Panga nyuma kutoka tarehe ya kufunga: mavuno yawe yamekwisha wiki mbili kabla, tuta lifunikwe matandazo, na usiachie mimea zamu za likizo zilizoandikwa kwenye karatasi tu.

Na kuna jambo moja linalotugusa zaidi ya yote haya. Kama shule yako huwaadhibu wanafunzi kwa kuwalimisha, bustani haitakuwa dawa mpaka adhabu hiyo ikome. Huwezi kumwambia kijana Jumatatu kwamba kuchimba ni malipo ya utundu wake, halafu Alhamisi umwambie kuchimba kutampa amani. Mkuu wa shule atamke hadharani kwamba jembe halitakuwa adhabu tena, na walimu wote washike hilo, ndipo mbegu zinunuliwe.

## Ziara ya siku moja

Ziara ni nzuri kwa maarifa na ni dhaifu kwa ustawi. Katika saa 6, mbili huishia barabarani, na wanafunzi hutumia sehemu kubwa ya zilizobaki kuzoea mahali. Nir Orion na Avi Hofstein, waliowachunguza wanafunzi wa sekondari nchini Israel na kuchapisha mwaka 1994, walionyesha kwamba kinachoamua mafanikio ya ziara ni ugeni wa aina tatu: wa mada, wa mahali, na wa yatakayotokea siku hiyo. Kila ugeni unaoupunguza kabla ya safari unarudi kama umakini. Basi onyesha ramani na picha, sema saa ya kula na choo kilipo, na wafanye mazoezi ya vifaa darasani. Ziara iwekwe ndani ya mada, ikiwa na vipindi vya kuiandaa na vya kuihitimisha. Usiifanye zawadi ya mwisho wa mwaka.

Kwa mwanafunzi mwenye wasiwasi, gari lililojaa na mahali pageni vinaweza kuwa mzigo zaidi ya nafuu. Fedha zikiwa chache, ziara ndiyo tungeiacha kwanza.

## Kambi

Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyekimbilia Uingereza, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shule ya Outward Bound, ya kuwafunza vijana kwa changamoto za nje, huko Aberdovey, Wales, mwaka 1941, na wazo lake lilikuwa kwamba kijana hugundua anachoweza akikutana na ugumu wa kweli pamoja na wengine. Mwaka 1997 John Hattie na wenzake walikusanya tafiti 96 za programu za aina hiyo. Zilionyesha faida katika kujiamini na kujitawala, na tofauti na programu nyingine nyingi za elimu, faida hiyo iliendelea kukua baada ya washiriki kurudi nyumbani. Ni ushahidi mzito, nasi hatuupuuzi. Lakini soma kilicho ndani yake: programu ndefu, hasa zilizozidi siku 20, ndizo zilizotoa matokeo makubwa. Kambi ya siku tatu haiwezi kujidai urithi wa kozi ya wiki tatu.

Siku tatu zinaweza jambo moja kwa uhakika: kuwafahamisha watu. Kwa hiyo mahali pake ni mwanzoni mwa mwaka, darasa likiwa jipya, au wanafunzi wakiwa wametoka shule tofauti. Kambi ya mwishoni inawafungamanisha watu wanaoagana wiki ijayo. Ukitaka imfae aliye peke yake, usiwaache wajichagulie mahema. Anayebaki bila hema mbele ya darasa zima hatasahau. Panga wewe, kila mwanafunzi awe hema moja na angalau mtu mmoja aliyemtaja kwa siri kuwa anaelewana naye, na makundi ya kazi za jikoni na maji yawe tofauti na ya mahema.

Changamoto iwe ya kuchagua kiwango. Kwenye ukuta wa kupanda, mita 2 ni ushindi kwa mmoja na mita 8 kwa mwingine. Anayelazimishwa kwa makelele ya wenzake anarudi na aibu. Mpango wa usiku uandikwe: nani yuko macho, dawa za pumu na za mzio zinakaa na mwanafunzi mwenyewe, gari lipo saa zote. Na kabla ya kuondoka, andika tarehe tatu za kukutana tena makundi yaleyale shuleni, ya kwanza ndani ya siku 10.

## Kwa kuzitazama pamoja

| Njia | Saa katika wiki 12 | Humfaa zaidi | Huanguka kwa sababu |
|---|---|---|---|
| Kipindi nje kila wiki | 8 | Aliyechoka akili. Aliyekata tamaa na somo | Mwalimu kuacha baada ya vipindi viwili vya kelele |
| Nusu siku kila wiki mbili | 18 | Aliyechoka akili, mwenye wasiwasi | Ratiba kumwonea mwalimu mmoja |
| Bustani: kipindi kimoja na zamu ya dakika 15 | 11 | Aliyejitenga, asiye na cha kujivunia | Likizo, maji, jembe kutumika kama adhabu |
| Ziara ya siku moja | 6, mbili zikiwa za njiani | Mwenye kiu ya maarifa | Maandalizi hafifu |
| Kambi ya siku 3 | kama 30 | Aliye mgeni au peke yake | Kutofuatiliwa baadaye |

Njia hizi zinaweza kuunganishwa, lakini si zote mwaka mmoja. Muungano tunaoupendelea ni kipindi cha kila wiki kwa wote, pamoja na bustani kwa kundi dogo la hiari. Darasa likiwa kubwa, zaidi ya 45, usilitoe lote bila mtu mzima wa pili. Wagawe, nusu wabaki na kazi ya kuandika, wabadilishane wiki ijayo. Mwenye ulemavu wa viungo ndiye awe wa kwanza kufikiriwa unapochagua eneo: mteremko usizidi mita 1 kwa kila mita 12, na asigeuzwe karani wa kudumu huku wenzake wakishika vifaa.

Wanaogoma kwa sababu ya nguo kuchafuka au kuonekana na wa madarasa mengine wana hoja. Wape maboksi au mikeka ya kukalia, na chagua mahali pasipotazamwa na madirisha ya shule nzima. Simu iwe kamera ya kazi au iwe mfukoni, na hilo waamue wao kabla ya kutoka, kisha walishike.

Hali ya hewa ina sheria zake katika njia zote. Ukiona radi na ngurumo ikasikika kabla ya sekunde 30, ingieni ndani ya jengo, mti haufai. Msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kipimo cha mionzi ya jua (UV index) kikifika 3, kofia na kivuli vinahitajika. Kikifika 8, sogeza kazi asubuhi mapema au jioni.

## Utajuaje kama imesaidia

Tabasamu la siku ya kwanza halipimi kitu. Tumia hojaji fupi ya WHO-5 ya Shirika la Afya Duniani: kauli tano kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 5, jumla mara 4, unapata kati ya 0 na 100. Ijazwe wiki ya 1, ya 6 na ya 12, isijazwe siku iliyofuata kambi wala wiki ya mtihani. Pembeni, hesabu mahudhurio ya siku za nje ukilinganisha na siku nyingine, na idadi ya kazi zilizokamilishwa katika somo husika. Wiki ya 6 ikipita bila hata kimoja kupanda, badilisha njia au rudi kuuliza kama tatizo ulilitambua sawasawa.

Karatasi ziwe na majina, lakini zisomwe na mwalimu wa ushauri nasaha peke yake, na wanafunzi waambiwe hivyo kabla ya kujaza. Mwenye alama 50 au chini aitwe kwa faragha ndani ya wiki hiyohiyo. Huyo anahitaji mtu wa kumsikiliza sasa, na kipindi cha nje kiendelee kuwa haki yake kama wengine, wala asitolewe humo ili apelekwe kwa mshauri.